Bunduki Chini ya Tumbo la Ndege

Enzi za ruksa, biashara huria ilipoanza, nilifungua robota la mitumba sokoni Same nikitarajia magauni, nikakuta kasha limefunikwa na masweta. Juu yake palichorwa ndege ya kivita ikipita juu ya mashamba ya mpunga, na katika maandishi yote nilitambua neno moja tu, Vietnam. Ndani mlikuwa na ndege ya plastiki ya kuunganisha, vipande vipande. Karatasi ya maelekezo ilibaki nusu: namna ya kuunga mbawa ilikuwapo, ila sehemu ya silaha ilikwisha chanwa. Niliudhika sana. Nani Same angevaa ndege?

Nikampelekea baba. Alikuwa fundi mitambo wa shamba la mkonge huko tambarare, mpaka shamba lilipofungwa na mashine zikauzwa kama vyuma chakavu. Tangu hapo alishinda barazani akitengeneza vitu visivyoharibika. Redio yetu aliifungua mara tatu, na mara ya tatu ikagoma kusema. Kwa kweli ndege ile niliitoa ili kuiokoa saa ya ukutani.

Mwili wa ndege aliumaliza kwa siku mbili. Silaha ndizo zilizomkalisha. Alizimwaga kwenye ungo wa mama akawa anazichambua moja moja, na wiki nzima tukala wali na mawe yake. Hakuwahi kushika bomu, lakini alijua kusoma umbo la kitu.

"Kila kitu kinakuambia kazi yake," alisema. "Hiki kina mapezi nyuma na hakina pa kutokea moto. Kinaachiwa tu, kinaanguka. Bomu. Hiki chembamba kina mapezi mpaka katikati, na mkiani pana tundu. Kinasukumwa na moto, tena kinajua kukata kona. Kombora. Na huu mkebe wenye matundu usoni, kila tundu linatoa roketi."

Matangi ya mafuta aliyatambua bila kufikiri. Katika miaka ya foleni za petroli nani alisafiri bila dumu la akiba?

Kilibaki kipande kimoja kinene, cha kukaa katikati chini ya tumbo. Mimi nilisema tangi. Baba akachukua kioo cha kukuzia akanionyesha puani pake: vitundu sita, vidogo kama vya sindano, vimepangwa duara.

"Tangi halina midomo," alisema. "Hii ni bunduki, imevalishwa mfuko."

Mambo yangeishia hapo kama si rafiki yake. Walizaliwa kijiji kimoja huko juu milimani. Yule mwenzake alikuwa fundi wa ndege jeshini, akastaafu, akafungua duka karibu na stendi. Kwetu mdogo ndiye humwamkia mkubwa, na kila mmoja wao alidai ndiye mkubwa. Mmoja alizaliwa mwaka wa nzige, mwingine kabla ya nzige, na nzige wenyewe walikuja zaidi ya mara moja. Kwa hiyo tangu ujana wao walisalimiana kwa kukohoa. Mimi nami sikujua kama nimwite baba mkubwa au baba mdogo, nikawa namwita mzee tu.

Aliposikia habari za ndege alicheka. "Fundi wa mkonge atambue silaha za ndege? Ilete dukani. Ukizipatia zote, nitakuamkia mbele za watu. Ukikosea moja, utaniamkia wewe mpaka kaburini."

Baba alikubali papo hapo. Halikuwa suala la umri tu. Tangu shamba lifungwe hakuna mtu aliyekuwa amemwita fundi, na nilijua jinsi jambo hilo lilivyomuuma.

Jumamosi benchi la dukani lilijaa. Rafiki alizipokea silaha moja moja kabla hazijagundishwa, akazipapasa kwa kidole gumba huku macho yake yakitazama barabarani. Nikadhani ndivyo mafundi wa ndege wanavyofanya. Bomu, ndiyo. Kombora, ndiyo. Mkebe wa roketi, akaguna, ndiyo. Kikafika kile kinene.

"Bunduki," alisema baba.

Mwenzake akakigeuza, akakipapasa tena, akakileta karibu na pua. "Tangi. Bunduki ya ndege inakaa ndani ya mwili. Nimezifungua kwa mikono yangu hii."

"Baba, mwonyeshe vitundu," nikasema.

Kioo kilikuwa mfukoni mwake. Hakukitoa. Alimtazama rafiki yake, akasimama, akavua kofia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu."

Benchi zima lilicheka. Mimi nilitamani kuwapiga wote na mwiko. Baba akamwachia na ndege, ikawekwa kwenye kabati la kioo juu ya viberiti, na tangu siku hiyo akawa anapita pale kila asubuhi kuamkia. Mzee alinitaka nimwite baba mkubwa. Kwa hasira nikakataa.

Miaka ikapita. Intaneti ilipofika Moshi nililipia saa nzima kutafuta ndege ile. Nikaiona, na chini ya tumbo lake mfuko mnene wenye mitutu sita puani. Nikaichapisha picha, nikarudi Same nikiwa nimeishika kama cheti.

Baba aliitazama kidogo tu. "Nilijua."

"Sasa kwa nini ulimwamkia?"

"Hukuona alivyozishika? Siku ile ndipo nilipotambua kwamba haoni. Fundi wa ndege, mbele ya wateja wake, nimwambie ahesabu vitundu?"

Nilipoileta picha ile, mzee alikuwa amekwisha kuwa kipofu kabisa, na sote tuliamini ni maradhi ya juzi.

Kesho yake niliongozana na baba hadi dukani. Alisimama mlangoni, akaamkia. Mzee aligeuza shingo kuifuata sauti, akaitikia kwa raha zake. Nami nikamwamkia. Akanyoosha kidole, pembeni kidogo ya kabati.

"Ile ndege yetu, tangi lake bado lipo?"

Picha ilikuwa kwenye mkoba wangu. Baba alikuwa anaangalia milima.

"Lipo, baba mkubwa," nikasema. "Limejaa."