Mzee wa Kanisa Aliyeyumba Msimu wa Ulanzi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mbeya, niliandika "mlevi" kwenye faili la mgonjwa aliyepepesuka. Mganga mfawidhi akalifuta neno lile kwa kalamu yake.

"Umemwambia aguse pua?"

"Bado, daktari."

"Utahukumu baadaye. Kwanza mpime."

Akanifundisha. Mgonjwa aguse pua yake, kisha kidole chako, upesi. Halafu atembee mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Misuli inaweza kuwa na nguvu zake zote ila isielewane, kwa kuwa ubongo mdogo wa kisogoni, unaoipanga, umedhurika. Visababishi ni vingi: kiharusi, uvimbe, upungufu wa vitamini, pombe yenyewe. Nilipohamishiwa Makongolosi niliongeza zebaki kwenye orodha hiyo, maana wachimbaji waliichoma na dhahabu jikoni mwao.

Kisha nikapelekwa Kilolo, wakati wa mvua, ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukigemwa kila upande. Msimu huo anayeyumba haulizwi swali.

Mama mmoja akamleta mumewe, mzee wa kanisa. Jumapili iliyokuwa inakuja wazee wenzake walipanga kumtenga na meza ya Bwana kwa ulevi.

"Mimi ulanzi niliacha tangu kipaimara," alisema, ulimi mzito.

"Kila akilala namnusa, daktari," mkewe akasema. "Sipati harufu. Sijui anaificha wapi."

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Kidole cha mzee kilikosa pua kikagonga shavu. Nikauliza kuhusu dawa. Mama akafungua fundo la kitenge: pakiti mbili za dawa ya kifafa. Moja ilikuwa yetu, nyingine mzee alipewa Uyole alipokwenda kumsalimu bintiye. Rangi tofauti, dawa ileile. Alikuwa akimeza zote, asiwavunjie heshima madaktari wote wawili.

Nikamlaza, tukasitisha dozi siku chache, kisha nikamrudishia ya kwetu peke yake. Kwa mchungaji niliandika: "Hakunywa ulanzi. Alikunywa dawa zetu."

Sasa nimestaafu, nalima viazi, na nimeridhika. Vijana wa leo wana vipimo vya kila aina, nami nawaonea wivu kidogo. Lakini wakiniuliza siku iliyonilipa, nawatajia Jumapili ya tatu baada ya hapo. Mzee alipanda kilima cha kanisa kwa miguu yake, na wazee wenzake wakamwomba radhi mbele ya watu. Walipokaa, mkewe akasimama.

"Na mimi unisamehe, baba," alimwambia mumewe. "Mimi ndiye niliyewaambia kuwa unakunywa."

Mzee akasogea, akampa nafasi kwenye benchi.