Bi Mkasi na mipira ya asilia

Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani. Anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, na wenzake wa klabu ya magari wamempachika jina la Bi Mkasi, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya mdomo wake. Mdomo huo tumegawana, msije mkasema sikuwaambia.

Klabu yenyewe ni ya watu wenye aina moja tu ya gari la Kijapani, lile la zamani la taa za duara, ambalo vijana wakiliona huuliza kama bado linatembea. La dada aliachiwa na marehemu shemeji. Kila mwezi hutoka msafara. Wanang'arisha magari, wanakwenda mahali, wanafungua boneti, wanasifiana, wanarudi nyumbani. Basi, ndiyo starehe yao. Na heshima yote iko kwenye neno moja: asilia. Gari likiwa na kila kitu lilichotoka nacho kiwandani, mwenyewe anatembea kifua mbele. Ukibadilisha hata kioo cha pembeni, wanakutazama kama umeuza mtoto.

Kwa hiyo makanika alipomwambia dada kwamba mipira ya breki imechoka, ile inayopeleka mafuta kwenye magurudumu, na kwamba mipya ipo, dada akauliza kama ni ile ile ya kiwandani. Makanika akasema siyo, ila inafaa kabisa. Dada akamwambia aiache. Nilikuwepo, nikamwambia ana wazimu. Akanijibu kwamba marehemu aliendesha na mipira hiyo hiyo na hakufa kwa ajali. Sasa mtu wa namna hiyo utamwambia nini?

Jumapili moja msafara ulikuwa unashuka mlima kwenda ziwani. Nilipanda kwa sababu sikutaka dada ashuke peke yake, na tangu tunaondoka roho yangu ilikuwa mkononi. Mbele yetu alikuwa mwanawe, naye na gari lake la aina hiyo hiyo. Kiti cha nyuma alimbeba binti yake mdogo, mjukuu wa dada, ambaye alipiga magoti akitutazama kupitia kioo. Magari yale hayakuja na mikanda ya nyuma, na nani angethubutu kutoboa bodi aiweke?

Baada ya kona za mwanzo nikaona dada anakanyaga pedeli mara mbili mbili. Kisha mguu wake ukaenda mpaka chini na gari halikujali.

"Breki zimeondoka," alisema, kwa sauti ile anayotumia kuniambia uzi umekwisha.

Nikamtazama. Midomo ilikuwa imemkauka na jasho linamtiririka shingoni. Sijawahi kumwona dada yangu hivyo, hata siku ya msiba. Niliogopa uso ule kuliko nilivyoliogopa bonde.

Akashusha gia, injini ikapiga kelele. Akavuta breki ya mkono, ikashika kidogo, ikanuka, ikaachia. Upande mmoja mwamba, upande mwingine hakuna kitu, ni hewa tu na vilele vya miti huko chini. Akawasha taa za dharura na kubana honi.

Wana desturi moja watu hawa, nayo ni nzuri, siwanyimi haki yao. Kila dereva humwangalia kwenye kioo aliye nyuma yake, na huyo akipata shida, hamwachi. Mwanawe aliona, akaelewa. Badala ya kukimbia akaanza kupunguza mwendo, ili tumwegemee bampa kwa bampa, atushikilie kwa breki zake zilizo nzima. Lakini mtoto alikuwa pale pale kiooni. Alidhani bibi anacheza na honi. Alikuwa anacheka na kutupungia mkono.

Dada akatoa mkono dirishani akimwashiria mwanawe aondoke, aondoke, aondoke. Hakuondoka. Taa zake nyekundu zilitusogelea mpaka nikaliona pengo la jino la mtoto.

"Anatusubiri," nilimwambia dada.

"Namwona. Na mtoto namwona."

Akakata usukani kuelekea mwambani.

Ile sauti sitaki kuisimulia. Bodi ilijikwangua kwenye jiwe, mlango wangu ukaingia ndani, kioo kikanimwagikia mapajani. Gari likaburuzika, likainama kwenye mtaro, likasimama. Tulikuwa wazima. Niligusa mikono yangu, nikagusa yake, ilikuwa imeganda kwenye usukani, ikabidi nimbandue kidole kimoja kimoja.

Mwanawe alikuja mbio, analia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake. "Mama, ungeniegemea! Nilikuwa nakusubiri!"

"Ndicho kilichoniogopesha," dada akamjibu.

Wengine wakafika. Mwenyekiti wa klabu akachuchumaa kando ya gari, akapapasa ile rangi iliyokwanguka, akasema masikini, ilikuwa rangi ya kiwandani. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa.

Halafu kila mmoja akamfungulia dada mlango. Akakataa. Mwanawe akamsihi, akasema gari lake ni zima, atashuka polepole. Dada alikwenda akamtoa mtoto kwenye kiti cha nyuma, akamshika mkono, akaanza kushuka mlima kwa miguu. Mimi nikafuata, ningefanyaje? Na klabu nzima ikatufuata kwa gia ya kwanza, taa zimewashwa, hakuna aliyethubutu kutupita.

Kila breki ilipolia nyuma yetu, dada alishtuka na kumvuta mjukuu upande wa mwamba. Mtoto akalalamika kwamba bibi anamuumiza vidole. Dada akamwomba radhi, lakini mkono hakuulegeza.