Tanuru Nililolidhani Kichuguu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka kiu yake. Ilikuwa enzi za Mwingereza, kiangazi, nami nilikuwa kibarua wa mgodini Mpanda, nimetoka tu kuoa, nina viatu vya ngozi vya kwanza katika ukoo wetu. Shule niliishia darasa la pili. Nakwambia bila aibu, kwa sababu hizi mashine za kukoboa mpunga unazoziona hapa nyumbani sikuachiwa na mtu. Lakini wakati ule kichwa changu kilikuwa kidogo kuliko viatu.

Babu, mzaa baba, alikuwa amezeeka, magoti yanamsumbua. Akatangaza kwamba tutakwenda mbugani, upande wa Sitalike, kulitazama tanuru la baba yake, mahali walipoyeyusha mawe mekundu kupata chuma cha majembe. "Nataka nilione kabla miguu haijagoma," aliniambia. "Na wewe nikukabidhi. Kila mwaka lifyekewe nyasi, moto wa porini usilifikie, na nyufa zizibwe kwa udongo kabla ya mvua. Ukiacha wewe, limekwisha."

Tukaenda wanne: Babu, mama yangu, mke wangu Maria, na mimi. Askari wa bwana nyama, yule mkuu wa hifadhi ya wanyama, alimfahamu Babu, akatupisha, akatuonya tu tusiwakaribie nyati.

Nyie leo mnapita pale ndani ya basi, macho kwenye simu. Sisi tulipita kwa miguu. Mto Katuma ulikuwa umebaki madimbwi, na katika dimbwi moja viboko walibanana mgongo kwa mgongo, hata maji huyaoni. Mmoja akapiga mwayo. Maria akanikamata mkono.

"Mke wangu, usimshike huyo," Babu akasema. "Atakimbia akuache. Njoo huku kwa mwanaume."

"Mwanaume mwenyewe anatembelea fimbo!" Maria akamjibu, na mama akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha uwanda ukafunguka. Nyati wamejaa mpaka jicho linachoka, wamenyamaza, wanatutazama kama wenye nyumba wanaosubiri mgeni ajitambulishe. Hata mimi mwenye viatu nilisimama.

Hapo Babu akatuonya tusimtangulie. Ndiyo desturi yetu: mzee wa ukoo afike kwanza, avue viatu, apige makofi, awaamkie waliojenga, ndipo wengine wasogee. Zamani, moto ukiwa ndani, wanawake hawakukanyaga kabisa pale. "Lakini moto ulizimika kitambo," alisema. "Miiko yake imepoa."

Mimi sikusubiri. Nilishazoea mitambo ya mgodini, nikadhani tanuru ni kitu cha kung'aa, tena kiko mbali bado. Nikatangulia. Nikaona kichuguu kirefu kimesimama peke yake kwenye nyasi, nikajiambia hapa ndipo pa kuwatazamia nyati. Nikakipanda na viatu vyangu. Kule juu nikashika ukingo nijivute, ukingo ukakatika, nikaanguka pamoja na bonge la udongo kubwa kama kinu.

Nilipoinuka ndipo nikaona. Chini kulikuwa na matundu yamezunguka pande zote, kila moja na bomba lake la udongo. Kichuguu hakina matundu ya namna ile. Nikachungulia. Ndani kweusi, ukuta umeiva kama chungu, umepanda juu karibu mara mbili ya kimo changu. Watu wasiojua futi wala kitabu walilisimamisha lile, likavuta upepo lenyewe bila mtu kupuliza, likapika jiwe mpaka jiwe likawa jembe! Nywele zilinisimama, mwanangu. Mashine zote za mgodini niliziona kelele tupu.

Babu akafika. Akavua viatu, akapiga makofi, akaamkia. Hakunitazama. Akaliokota lile bonge, akalipangusa vumbi.

"Urefu ndio pumzi yake," akasema. "Umelipunguzia pumzi."

"Babu, nilidhani kichuguu."

"Lilijengwa kwa udongo wa kichuguu. Macho yako hayakukosea sana. Miguu ndiyo haikuuliza."

Nikaanza kujieleza: jua, nyasi, nyati, maneno mengi. Wakati mimi naeleza, Maria alishajifunga khanga kiunoni, ameshachimba udongo kwenye kichuguu cha kweli kilichokuwa jirani, anauliza maji. Mtoni ni mbali, tena kuna viboko. Maji tuliyokuwa nayo ni ya kunywa, kibuyu kimoja. Babu akakipokea, akanywa funda moja, akamrudishia Maria.

"Mimina, mke wangu."

Tukaliziba. Nilivua viatu, nikambeba Maria mabegani, mama akimpa udongo, yeye anasiliba. Kovu lilibaki, lakini pengo la ukingoni lilizibika.

Babu akaweka kiganja kwenye ukuta. Kisha akasema, "Mke wangu, tanuru hili nimekukabidhi wewe. Huyu mume mwenzangu atakuwa kibarua wako."

Nilicheka, nikisubiri aseme anatania. Hakusema. Tukarudi midomo imekauka, na sikuthubutu kulalamika.

Babu hakurudi tena kule. Kila mwaka kabla ya mvua alikwenda Maria, mimi nyuma yake nimebeba maji. Mwanzoni iliniuma, nisikudanganye. Mwanaume mzima, kibarua wa mkewe! Ilichukua miaka mpaka nikaona kwamba Babu hakunifukuza. Alinipa kazi iliyonifaa.

Basi sikia, na sitazunguka. Usipande juu ya kitu kabla hujauliza nani alikijenga. Hata kinachofanana na udongo mtupu kuna mtu alikitolea jasho. Ukivunja, funga mdomo uchanganye udongo, tena kwa maji yako ya kunywa. Na dhamana ikipewa mwingine kwa kosa lako, usinune, mbebee maji.

Mungu akupe macho ya kuzitambua kazi za waliokutangulia, na siku utakayokosea, akuweke karibu na mtu atakayejifunga khanga wakati wewe bado unajieleza.