Nzi Aliyeitwa Jenabu

Majur ni jirani yangu hapa Hai Malakal, mtaa wa Juba. Chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta wa mabati, kwa hiyo akikohoa mimi huitika. Kwa muda wote tuliokaa hivyo, kuongea kwake kulikuwa kwa namna moja tu. Alianza vizuri, "Anti, naomba ile...", halafu sauti ikamwishia, akaangalia viatu vyake, nami nikabaki kukisia kama ni chumvi, kiberiti au chaja. Mimi si mtu wa subira, wateja wa benki ninayofanyia kazi wanalijua hilo vizuri. Lakini kwa kijana huyu nilizoea kutoa vitu vyote vitatu kwa mpigo, achague.

Alizaliwa kambini Kakuma, Kenya, akasomea Kitale, kisha akarudi Juba, mji ambao wazazi wake waliuita nyumbani ingawa yeye hakuwa amewahi kuuona. Anasoma katika chuo kikuu kimoja cha binafsi, kozi ya Animesheni na Sanaa ya Gemu, yaani kuchora vitu mpaka vitembee. Idara yao ina kompyuta nzuri zilizokosa kitu kimoja tu, umeme. Basi Majur alijifunza kwa karatasi. Anakata vipande vidogo, anachora kitu kilekile kwenye kila kipande akikisogeza kidogo kidogo, anavifunga upande mmoja kwa uzi, halafu anavipeperusha kwa kidole gumba na kile kitu kinatembea. Siku moja alinionyesha mimi mwenyewe nikienda bafuni na ndoo. Sikupenda alivyonichora kiuno, lakini nilikuwa mimi kabisa, hata zile hasira za asubuhi zilikuwepo mabegani.

Kozi hiyo aliichagua kwa sababu moja: ni kazi ambayo mtu halazimiki kuongea. Aliniambia hivyo mwenyewe, kwa awamu mbili.

Mwaka wa mwisho ukafika, na mwaka wa mwisho una atachmenti. Kila mwanafunzi anakwenda kufanya kazi mahali fulani chini ya mtu wa fani yake, halafu mkuu wa idara anakuja kukagua. Asiyepita anarudia mwaka. Ila darasa la Majur lilikuwa la mwisho, idara ilikuwa inafungwa, na hapakuwa na mwaka wa kurudia. Kuanguka kwake kungekuwa kuanguka moja kwa moja, miaka yote ile ya kukata karatasi iende na maji.

Mkuu wa idara ni Dokta Barnabas, Mkenya mwenzangu, mtu wa suruali ya kijivu iliyopigwa pasi na msimamo uliopigwa pasi vilevile. Aliwaambia wanafunzi wake, "Animesheni husimamiwa na animeta. Sitaki mchora mabango, sitaki mpiga picha za harusi. Nataka animeta."

Sasa, Juba maanimeta wamejaa. Mashirika ya misaada yanawaajiri kila kona. Animeta wa Juba ni yule anayevalishwa fulana ya shirika na kutumwa mitaani kuwahamasisha watu wanawe mikono, wapeleke watoto chanjo, wachimbe vyoo. Anapiga makofi, anaanzisha wimbo, anauliza "Tuko pamoja?" mpaka watu wachoke na kujibu kwamba wako pamoja. Majur alipita mtaa wa Buluk akaona kwenye geti la ofisi moja bango lililoandikwa ANIMETA WANATAKIWA, akaingia mbiombio kabla halijaondolewa.

Mkuu wa maanimeta wa ofisi hiyo ni Mama Priscilla, ambaye tunasali naye kanisa moja. Aliposoma jina la kozi, nusura alie. "Miaka minne, Achieng," aliniambia baada ya ibada. "Mtoto amesomea miaka minne kitu ambacho sisi tulifundishwa siku mbili ndani ya hema." Nikamweleza kwamba kijana anachora katuni. Akasema vizuri sana, animeta hodari lazima awe na kipaji cha ziada.

Majur mwenyewe alielewa asubuhi ya kwanza, alipokabidhiwa kipaza sauti cha mkononi. Alirudi chuoni siku hiyohiyo.

"Msimamizi wako ana cheo gani?" Dokta Barnabas akamuuliza.

"Animeta, lakini..."

Dokta alingoja kidogo. Hapakuja kitu baada ya lakini. "Safi kabisa," akasema, akatia sahihi.

Wakampeleka kwenye makazi yaliyo nyuma ya Bilpam, makao makuu ya jeshi, vibanda vya nyasi tunavyoviita tukul na maturubai, familia za askari na watu waliosukumwa huko na mafuriko. Kazi yake ilikuwa kuwafanya wachimbe vyoo kabla mvua hazijakolea. Mama Priscilla alimweleza waziwazi: "Kwetu animeta anapimwa kwa vyoo. Dokta wenu akija na pasiwe na choo, nitamwambia hakuna animesheni iliyofanyika hapa."

Siku ya kwanza alisimama mbele ya watu, akainua kipaza sauti, na kilichotoka ni pumzi. Mama Nyaduoth, muuza chai wa pale, ambaye alilelewa kambini Uganda na ana Kiswahili cha kule, alimtazama kwa huruma. "Huyu mtoto iko mgonjwa," akasema. "Mupeni chai." Akapewa chai. Kesho yake akapewa chai tena. Kazi yake ikawa kunywa chai.

Mwishowe alifanya kile anachokijua. Alichukua mabango ya shirika, akayakatakata, na nyuma yake akachora nzi. Nzi anatoka kichakani, anatua kwenye uchafu wa mtoto, anaruka, anatua kwenye sahani ya kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, anasugua mikono yake tayari kula. Nia ilikuwa watu waone kinyaa, wakachimbe.

Shida ni kwamba kijana anajua kuchora. Alimpa nzi macho. Alimpa kitambi kidogo na mwendo wa kifua mbele, kama mkubwa wa jeshi anayekagua gwaride. Mama Nyaduoth alipeperusha zile karatasi mara moja, akapeperusha tena, akacheka mpaka akaweka birika chini. "Jenabu iko na njaa," akasema. Jenabu ndivyo tunavyomwita ofisa hapa, na makazi yale hayana uhaba wa maofisa. Jina likamganda nzi siku hiyohiyo.

Kuanzia hapo watu walipanga foleni. Akina mama walikuja, askari waliotoka zamu walikuja, na kila aliyemaliza kupeperusha aliuliza neno moja tu: "Halafu?" Majur hawezi kujibu swali kwa mdomo, kwa hiyo alikuwa anarudi kuchora. Kila asubuhi nilisikia mkasi ukifanya kazi nyuma ya mabati. Jenabu akaoa. Jenabu akavuka mto kwenda Gumbo kuwaona wakwe. Jenabu akapata watoto, na watoto wa nzi mnajua idadi yao.

Vyoo navyo? Hakuna hata kimoja. Watu waliacha kuua nzi kabisa. Nilikwenda huko Jumamosi moja nikamwona mwanamume mzima, tena mwenye magwanda, akifunika sahani yake taratibu kwa kiganja na kumwambia nzi, "Malesh, Jenabu, leo nyama mafi." Alikuwa anamwomba radhi kwamba hakuna nyama. Na jirani yake aliyekuwa ameanza kuchimba shimo alilifukia, kwa kuwa vyoo vikienea, Jenabu atakula wapi?

Mama Priscilla alipoyaona hayo alishika kiuno. "Majur, kwa nini ulimpa macho?"

"Nzi wote wana..."

"Wana, ndiyo, lakini si ya namna hiyo. Dokta wenu anakuja Ijumaa. Muue."

Akachora kifo. Nilikiona kabla hajakipeleka, kandambili inashuka, na kusema kweli kiliniuma, nikamwambia hivyo. Yeye alikuwa na macho mekundu, akaendelea kufunga uzi. Huko kwenye makazi Mama Nyaduoth alipeperusha mpaka pale kandambili inapotokea juu, akafunga zile karatasi, akazikalia. Akaja koplo mmoja kuuliza ni nani aliyetoa amri ya kumpiga Jenabu. Majur akageuka, akarudi nyumbani.

Kesho yake alikwenda na kitu kingine. Ni mvua. Jenabu amekunja bawa lake juu ya mtoto wake mdogo, anapita mlango kwa mlango, anabisha, kila mlango unafungwa. Anafika kwenye kibanda kidogo cha nyasi kilichojengwa juu ya shimo, kina kifuniko. Anaingia, anajifunika, anajilaza chali mikono nyuma ya kichwa. Basi.

Watu walitazama bila kucheka. Mama Nyaduoth akajifuta macho kwa kanga. "Kumbe Jenabu hana nyumba," akasema. "Na sisi iko tunalala."

Jioni ile kila mwenye koleo alikuwa anachimba. Walipanga magogo, wakaezeka nyasi, wakaweka vifuniko vizito ili Jenabu asinyeshewe, na kila mlango ukaandikwa kwa mkaa NYUMBA YA JENABU. Kuhusu kuvitumia hapakuwa na ubishi wowote. Mama Nyaduoth aliwauliza wenzake Jenabu atakula nini humo ndani kama hawaendi kumpelekea, na hilo likawatosha. Mama Priscilla alizunguka akihesabu milango kwa furaha. Sababu haikumhusu. Shimo ni shimo.

Ijumaa nikaomba ruhusa kazini, nikaenda. Dokta Barnabas alifika kwa boda, suruali ikiwa safi mpaka chini, faili kwapani. Watu walikuwa wameketi wakimsubiri. Mama Priscilla akamzungusha.

"Hii ndiyo kazi ya mwanafunzi wako," akasema.

"Mama, mimi nimekuja kuona animesheni."

"Ndiyo hii."

"Hivi ni vyoo."

"Ndiyo. Vyote vya wiki moja. Huyu ndiye animeta bora niliyewahi kuwa naye."

Wakazunguka tena, kwa sababu Dokta alidhani amepitwa na kitu. Hatimaye alimgeukia Majur na kutaka kuona michoro yake. Majur akaangalia viatu vyake. Ndipo Mama Nyaduoth alipomjibia, kwa heshima zote: "Karatasi iko ilienda choo, Dokta. Kalas, imeisha." Na ni kweli. Watu waliopata vyoo kwa mara ya kwanza hawakuwa wamepata na karatasi ya chooni, na karatasi za Majur zilikuwa za ukubwa unaofaa.

Dokta alifungua faili lake. "Chuo hakiwezi kutoa alama kwa kazi iliyo..." Akaitazama milango. "Iliyo huko." Akafunga faili.

Hapo nilimhurumia Majur kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu. Niliwachukia wote, Priscilla na furaha yake, Dokta na faili lake, na watu wale waliompenda Jenabu na bado wakajipangusa naye. Majur alikuwa amesimama tu, mikono imelegea, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Mama Nyaduoth aliingia kwenye choo chake na kutoka na karatasi chache zilizosalia kwenye msumari. Zilikuwa safi, alihakikisha. Dokta Barnabas alizipokea kwa ncha za vidole, akazinyoosha, akazipeperusha kwa kidole gumba. Mvua ikanyesha. Jenabu akainua bawa juu ya mwanawe, akanyanyua mguu, na karatasi zikaisha. Dokta akapeperusha tena. Akapeperusha mara nyingine, polepole. Aligeuza ile ya mwisho kutafuta zaidi, akakuta maelekezo ya kunawa mikono.

"Halafu?" akauliza.

Majur hakuwa na kitu mkononi. Watu wote pale walijua kinachofuata, na wote wakamgeukia yeye, hata watoto.

"Halafu mvua..." Majur akasema, akakwama.

Nilifungua mdomo kummalizia, kwa mazoea. Mama Nyaduoth akanifinya mkono, na vidole vya muuza chai si vya mchezo.

"Halafu mvua ikamfuata mpaka kwa koplo," Majur akasema. "Akabisha. Koplo akasema hapa hakuna nafasi, kuna wageni." Mikono yake ilikuwa imekunjwa mgongoni kama mabawa na kifua kimetangulia. Sauti ilikuwa nene, sijui alikuwa ameificha wapi siku zote. Koplo, kule nyuma, akainamisha kichwa. Majur akatembea kwenye matope kwa mwendo wa Jenabu hadi mlango wa pili, akabisha hewani, akamsemesha mtoto asiyekuwepo chini ya bawa lake, akamwambia avumilie, kuna mlango mwingine pale mbele.

Dokta Barnabas alikuwa ameketi chini pamoja na watu, kwenye matope, na suruali yake ya kijivu na yote. Majur alipofika mlango wa tatu akasimama, mkono ukiwa juu, akamwangalia mwalimu wake.

"Umepita," Dokta akasema. "Halafu?"