Fundi Wimble Apata Pua

Tangu aolewe na Cuthbert Pennifold, Hilda hakuwahi kumwona mumewe akichora uso wa mtu. Miti alichora, na mti wa Cuthbert ungeuonea huruma, jinsi upepo ulivyokuwa ukiutesa. Vilima vyake vilijilaza kama ng'ombe walioshiba. Mawe, mapango, ngazi za kushuka chini ya ardhi, milango yenye misumari mikubwa, vyote alijaliwa. Binadamu ndiye aliyemshinda.

Mwenyewe alisema kosa ni la jeshi. Vita Kuu ilimkuta na miaka kumi na tisa, akapewa kazi ya kuchora ramani, na majenerali hawakuhitaji pua. Aliporudi akawa mwalimu wa Kilatini katika kijiji cha Little Marden, na mkono ulishazoea. Hilda alijua vingine. Mama mkwe alishamwonyesha picha yake aliyochorwa na Cuthbert alipokuwa mtoto wa miaka minane, kabla jeshi halijamjua. Kwa muda mrefu mama yule alidhani ni picha ya birika.

Hadithi yenyewe ilianza Marjory, binti yao, alipougua surua. Cuthbert aliketi kando ya kitanda akamsimulia habari za Fundi Wimble, mtengeneza kengele mwenye kimo cha pipa la kufulia, aliyetembea hadi mwisho wa nchi kutafuta kengele ya kijiji chao. Kengele hiyo ilikuwa imemezwa na jitu. Jitu lenyewe lilikuwa limelala miaka mingi mpaka likaota nyasi, kondoo wakawa wanalisha mgongoni kwake, na kila lilipojigeuza kengele ililia tumboni. Surua ikaisha, hadithi haikuisha. Akaiandika, akaichorea picha kumi na mbili, na kampuni moja ya vitabu huko London ikasema itaichapa.

Katika picha zote hizo Wimble yupo, ila humwoni vizuri. Mara yuko nyuma ya mti. Mara yuko ndani ya ndoo. Mara kofia yake inaelea juu ya majani marefu, au buti zake mbili zinatokomea pangoni. Picha ya saba ilikuwa na jiwe peke yake.

"Baba, Wimble yuko wapi hapa?" Marjory aliuliza.

"Ameshapita, mwanangu. Ungewahi kidogo tu ungemkuta."

Barua ya kampuni hiyo ilifika Jumatatu wakati wa kifungua kinywa. Cuthbert aliusoma mstari wa kwanza, akaweka mkate wake chini.

"Wanasema picha zangu zinavutia mno," alisema kwa sauti ndogo.

"Oh, Cuthbert," alisema Hilda, akamshika mkono.

Maana Little Marden, kama huko London, mtu hakwambii kitu chako ni kibaya. Anasema kinavutia. Ukioka keki wageni wakakwambia inavutia, wape mbwa. Na kizuri nacho hawakisifu, wanasema si mbaya, basi. Hilda mwenyewe alichumbiwa kwa maneno hayo. Cuthbert alimtazama muda mrefu kando ya uwanja wa kriketi, akamwambia gauni lake si mbaya, akawa mwekundu mpaka shingoni. Hilda alirudi nyumbani akamwambia mama yake ataolewa.

Barua iliendelea. Wasomaji watataka kumwona Wimble uso kwa uso, angalau mara moja. Picha ya namna hiyo ikifika London Jumamosi asubuhi, vyema. Isipofika, picha zote zitachorwa upya na mchoraji wa kampuni, ambaye mfano wa kazi yake umeambatanishwa.

Marjory aliuchukua ule mfano. Kijana mrefu, nywele za mawimbi, miguu kama ya mcheza dansi, ameshika kengele kama mtu anayeita wahudumu.

"Huyu nani?"

"Ndiye Wimble, eti," Hilda alisema.

"Siye! Huyu ni yule wa kwenye pakiti ya sabuni!" Midomo ya mtoto ikaanza kutetemeka. "Baba, usimruhusu aingie kwenye kitabu chetu."

Siku nne Cuthbert alihangaika. Akitoka shuleni alikaa kwenye meza ya jikoni, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na moto. Alisuuza brashi kwenye chai yake na kunywa maji ya rangi, mpaka Hilda akaleta kopo la jemu la kusuuzia brashi, akalibandika karatasi iliyoandikwa SI CHAI. Haikusaidia. Kila Wimble aliyezaliwa pale mezani alionyeshwa wageni. Mke wa mchungaji akasema anavutia. Mwalimu wa hesabu akasema anavutia sana, kweli kabisa. Kila mara Cuthbert alizidi kuzama kitini.

Aliyesema ukweli alikuwa Bi Ackroyd, mama aliyekuja kuwasaidia kufua na kupiga deki. Huyo alitoka kaskazini, na wa huko hawajui kuzungusha maneno.

"Kiazi," alisema Alhamisi, ndoo mkononi.

"Samahani, Bi Ackroyd?"

"Nasema hicho ni kiazi, Bwana Pennifold. Kiazi kilichopokea habari mbaya."

Ijumaa posta ilifungwa saa kumi na moja jioni. Saa tisa na nusu Cuthbert alirudi mbio kutoka shuleni, na nyuma yake alikuwa Bwana Gaskin, jirani yao, mkuu wa kituo cha treni mstaafu, aliyeombwa aje kuchorwa. Bwana Gaskin alikuwa na pua ya kuonekana toka jukwaa la pili. Alikuwa amechana masharubu, akaketi kwenye kiti karibu na jiko, akatazama mbele kama anayengoja treni iliyochelewa.

Cuthbert akachora. Akafuta. Akachora tena. Saa ya ukutani ikaenda bila kumwonea huruma.

"Naweza kuona?" Bwana Gaskin akainama. Akakohoa. "Loo. Inavutia, Pennifold."

"Kiazi," alisema Bi Ackroyd toka kwenye sinki.

Cuthbert akaweka penseli chini. "Mwachieni yule wa sabuni," alisema. "Ana miguu, angalau."

Marjory hakulia. Alipanda kwenye kiti, akaanza kuzikusanya zile picha kumi na mbili moja moja, kama anayefungasha kwa safari. Hilda, amembeba mtoto wao mchanga aliyekuwa akimtafuna bega kwa meno yaliyokuwa yakiota, alimtazama bintiye, kisha akaitazama picha iliyokuwa juu, ile ya jitu lililolala. Kilima chenye kondoo. Watu wengine wangeona kilima tu. Lakini yeye aliona jitu limekunja uso, ndege wakikaa kwenye kope, na shavu limelalia mto.

"Cuthbert," alisema. "Mbona jitu lina uso?"

"Huo si uso, mpenzi. Hicho ni kilima."

"Basi mtazame Bwana Gaskin. Usimwone mtu. Ile pua ni kilima gani?"

"Jamani!" alisema Bwana Gaskin.

Cuthbert akainua macho, akatazama. Akainamisha kichwa upande mmoja.

"Marden Down," alisema polepole. "Ukiitazama toka kituoni, baada ya mvua."

"Na nyusi?"

"Uzio wa miti ambao haujapunguzwa tangu mwaka jana. Mashavu ni shamba lililolimwa, mifereji yake inateremka hivi... Gaskin, usitikisike. Una bonde zuri sana chini ya mdomo."

"Sijawahi kuambiwa hivyo," alisema Bwana Gaskin, akakaa wima zaidi.

Penseli ilikwenda kama imeonyeshwa njia ya nyumbani. Saa kumi na nusu Cuthbert aliigeuza karatasi. Fundi Wimble aliwatazama, kofia mkononi, mchovu, mwenye pua ya kustahimili hali zote za hewa, ana kwa ana na watu kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Bwana Gaskin alivaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Si mbaya, Pennifold," alisema.

Cuthbert akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Ni yeye," alisema Bi Ackroyd. "Mpaka chunusi." Akajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo, akadai ni sabuni.

Marjory aliifunga bahasha, na Hilda akakimbia nayo hadi posta, mtoto kiunoni, aproni bado mwilini, akamfikia karani akianza kuteremsha pazia.

Jibu lilikuja Alhamisi iliyofuata. Aya tatu zilihusu unene wa karatasi. Ya nne ilisema kampuni haitahitaji mchoraji mwingine, kwa kuwa picha ya uso si mbaya hata kidogo.

"Soma tena hapo mwisho," Cuthbert alisema.

"Si mbaya hata kidogo," Hilda alisoma.

"Hata kidogo?"

"Wameandika wenyewe, hata kidogo."

Marjory alikuwa akikimbia kuzunguka meza. Cuthbert alisimama, akaketi, akasafisha koo, akanyoosha mkono, akachukua kopo la jemu lenye karatasi ya SI CHAI, akanywa mafunda mawili.

"Chai ya leo si mbaya," alisema.

Hilda alimtazama masharubu ya kijani ya rangi juu ya mdomo, akamwacha amalize.