Mkono Uliozoea Kushindilia Majani

Nyakerario alichuna majani chai miaka mingi kuliko anavyopenda kukumbuka, kwenye shamba kubwa upande wa Kericho, mpaka mashine za kuchuna zilipoletwa na wachunaji wakaambiwa watafute riziki kwingine. Mashine haziombi likizo ya uzazi, na wakati huo yeye alikuwa na mimba ya Kebaso, kitinda mimba wake.

Mtoto alipoanza kukaa bila kuegemezwa, mama akapata kibarua cha usafi katika kituo kidogo cha afya, njia ya kwenda Kaplong. Muuguzi msimamizi, Sista Chelangat, alimfunza siku nzima. Mfuko mweusi ni wa makaratasi na maganda. Wa manjano ni wa pamba na bandeji zenye damu. Sindano hazitiwi kwenye mfuko wowote, zina kisanduku chake kigumu. Kisha akainua kidole.

"Mama Kebaso, usishindilie mfuko na mkono. Hata kama unajua ni pamba tupu."

Nyakerario aliitikia, na kichwa chake kilielewa vizuri sana. Shida ni kwamba mkono nao una mazoea yake. Kule shambani, kikapu kikijaa na mzani uko mbali, mchunaji aliyashindilia majani kwa kiganja ili apate nafasi ya mengine. Nyapara alikataza, maana majani yakibanwa hupata joto yakaharibika, na kila mtu alishindilia huku akichungulia nyapara yuko wapi. Hiyo ndiyo shahada aliyotoka nayo kule.

Jumatatu moja asubuhi wagonjwa walijaa mpaka nje kwenye nyasi. Glavu nzito zilikuwa zimechanika na nyingine hazijaletwa, kwa hiyo Nyakerario alivaa zile nyembamba za wauguzi. Akaukuta mfuko wa manjano wa chumba cha sindano umefura mpaka mdomoni. Mkono ukaenda wenyewe, ukashindilia.

Alidhani ni nyigu. Alipouvuta mkono akaona tone la damu likitambaa ndani ya glavu, na ncha ya sindano ikichungulia kwenye pamba. Kulikuwa na kisanduku ng'ambo ya chumba, lakini kuna mtu alikuwa ameona uvivu kukifikia. Mtu huyo hata hakujua alichofanya, na huenda wakati huo alikuwa anakunywa chai yake kwa raha.

Alinawa kwa sabuni chini ya mfereji mpaka kidole kikafa ganzi. Akisema, ataulizwa alikuwa anafanya nini mpaka akadungwa, na jibu lake lingemtoa kazini siku hiyo hiyo. Akaficha kidole mfukoni. Hapo ndipo maziwa yalipomjaa kifuani, kama kawaida ya saa hiyo, na woga wa kazi ukawa si kitu tena. Ikiwa damu yake imeingia ugonjwa, basi anampelekea Kebaso nini?

Jioni mtoto alimtambalia akivuta nguo. Nyakerario akampa uji kwa kikombe.

"Mbona humnyonyeshi?" mumewe Oyaro akauliza.

"Nimekunywa dawa ya minyoo, Baba Kebaso. Ngoja iishe."

Akaenda nyuma ya jiko, akayakamua maziwa chini, akayafunika kwa udongo kwa mguu, akilia bila sauti.

Kesho yake alipiga deki chumba cha sindano mara tatu. Ukutani kulikuwa na tangazo kuhusu mtu aliyedungwa, naye aliogopa kuonekana akilisoma, kwa hiyo alilisoma kwa jicho la pembeni. Aliambulia neno moja tu: dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi ianze kabla ya saa sabini na mbili kwisha. Mtu mwenye akili zake angepiga mbio kwa Chelangat. Yeye alikamua kitambaa, akaenda kupiga deki korido.

Jumatano akaanza kuwatazama wagonjwa. Akamwona kijana mwembamba anayekohoa, akajiuliza, ilikuwa yako? Akamwona mama mnene mwenye shavu linalong'aa, akajiuliza vilevile. Mzee wa kisukari. Msichana wa shule. Wote walikuwa wamekunja mikono ya nguo zao wakingoja, na hakuna uso uliosema lolote. Akauacha ufagio pale pale, akaingia kwa Chelangat na kufunga mlango.

"Sista, sindano ilinidunga."

"Lini?"

"Jumatatu, asubuhi."

"Na umenyamaza mpaka leo?"

"Niliogopa mtanifuta. Nilishindilia na mkono, na ulikuwa umenikataza."

Chelangat hakusema habari ya kufutwa. Alimpima damu kwanza, akamwonyesha kuwa ni safi. "Lakini hii inaonyesha vile ulikuwa kabla. Ya Jumatatu bado hatuwezi kujua." Akammiminia maji, akamtilia kidonge kiganjani. "Kunywa hapa, mbele yangu. Ni mwezi mzima, usiruke hata siku moja. Halafu tutapima tena, na tena."

"Na mtoto?"

"Unaweza kunyonyesha na hizi dawa. Hatari ni kidogo sana, lakini siwezi kukuambia hakuna. Wewe ndio utaamua."

Katika maneno yote hayo, Nyakerario alisikia matatu tu: siwezi kukuambia hakuna.

Kufikia kesho yake kisanduku cha sindano kilikuwa kimesogezwa mpaka mkononi mwa mdungaji, na glavu nzito zilikuwa zimepatikana. Chelangat aliwakemea wafanyakazi wote bila kutaja jina la mtu.

Nyumbani, Oyaro alipoambiwa ukweli alichukua ndoo, akaenda kukama ng'ombe. Tangu siku hiyo ndiye aliyechemsha maziwa ya mtoto. Vidonge vilimtapisha Nyakerario kila asubuhi. Alifunga matiti kwa leso, akalala akimpa Kebaso mgongo, na mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Baadaye akaacha kulia, na maziwa nayo yakakauka.

Siku ya kipimo cha mwisho Chelangat alimwonyesha mstari mmoja tu kwenye kipimo. "Uko sawa, Mama Kebaso. Imeisha."

Nyakerario alikata katikati ya mashamba ya chai nusu akikimbia. Alijua hana maziwa, lakini alikuwa amesikia kwamba mtoto akinyonya, maziwa hurudi. Akaketi kwenye kigoda, akafungua vifungo, akamwita Kebaso.

Mtoto akaja akitambaa. Akalitazama titi, akamtazama mama usoni kwa upole, kama anayemtazama mgeni. Kisha akageuka, akanyoosha mkono kwa baba yake, na Oyaro, asijue atazame wapi, akampa kikombe.