Nailoni Juu ya Tangi

Katika mji wetu wa Uvira, samaki asiyeliwa ni kichekesho. Nilipomwagiza fundi wa madirisha anitengenezee tangi la kioo, nikaweka ndani samaki wadogo wenye mistari wanaojificha kwenye mawe ya ufukoni mwa ziwa, majirani walikuja sebuleni mmoja mmoja kushangaa. "Weye, unawanenepesha?" akaniuliza mmoja wao. Nilikuwa natoka ofisini nimechoka na watu, nakaa mbele ya kile kioo, nawatazama. Niliwapenda samaki wale, sioni aibu kusema.

Tatizo lilikuwa pumzi. Kila nilipowaangalia walikuwa juu, midomo wazi, kama watu waliopanda mlima na mizigo. Nikaamini wanahitaji hewa ya ziada. Mfanyabiashara mmoja wa Kavimvira, mtaa wa mpakani, anayevuka kila leo, akaniletea pampu ndogo kutoka Bujumbura. Ilipotoa mapovu, samaki walitulia chini. Lakini umeme wa Uvira tunaujua. Ukikatika, mapovu yanakoma na midomo inarudi juu. Nikawa mtumwa wa waya. Feni ya ofisini ikizimika tu, najua midomo imerudi juu.

Siku moja ulikatika nikiwa nyumbani. Nikalifunua tangi, nikakoroga maji kwa mkono, kisha nikakaa palepale, kifuniko mapajani, nimekasirika. Nilikaa muda mrefu. Samaki wakashuka, wakaanza kufukuzana kati ya mawe. Umeme haukuwa umerudi. Ndipo nikatazama kile nilichokishika.

Kilikuwa kipande cha nailoni, ambacho kila siku tulikikaza juu ya tangi kwa mpira wa baiskeli. Hakuna aliyeamua hivyo. Kipindupindu kimetufundisha kufunika: ndoo, pipa, jagi, hata maji ya kunawa. Mkono unafunika wenyewe. Nilikuwa nikifunua, nawalisha, nafunika tena, halafu naagiza hewa ng'ambo ya mpaka. Ziwa lenyewe halina pampu. Linapumulia juu, pale upepo unapolichezea. Samaki wangu walikuwa wachache, tangi lilikuwa pana, na walichohitaji ni maji yaachwe wazi tu.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikamkumbuka mama, nikaacha kucheka.

Mama yangu anaishi nasi, na ndiye anayemlea mtoto wangu nikiwa kazini. Mdogo wangu wa kike alikufa kwa kipindupindu akiwa bado anajifunza kutembea, na mpaka leo mama anailaumu ndoo moja iliyobaki wazi mchana ule, na kikombe kilichoachwa kando yake.

"Maman, hii nailoni inawaua," nikamwambia. "Tuiache wazi."

"Mayi ya wazi mu nyumba mwenye minye nalala? Hapana." Maji wazi katika nyumba anamolala yeye, hakutaka kuyaona.

"Hakuna mwenye atakunywa hii mayi."

"Weye unajua. Mutoto wako mwenye anatambaa, naye anajua?" Akaichukua ile nailoni. "Hata kale kangu hakakujua."

Nilimhurumia yeye, nikawahurumia na samaki, na kwa siku kadhaa tuliishi kwa kuviziana kama wezi. Mimi nafungua, yeye anafunga. Samaki wawili walikufa. Nikaanza kufikiria kuwarudisha waliobaki ziwani.

Kisha nikarudi kazini jioni moja, nikakuta nailoni haipo. Mama alikuwa amekata chandarua kikuukuu, akakishona kwenye fremu ya waya na kukivuta juu ya tangi, kikakaza kiasi kwamba kikombe kisingepita. Umeme haukuwepo na pampu ilikuwa imenyamaza. Samaki walikuwa chini, kwenye mawe yao.

"Imefunikwa," akasema, "na iko inapumua."

"Maman, si ulikataa?"

"Nilikuwa nawaangalia vile wanatafuta pumuzi. Minye nimechoka kuangalia vile."

Akaweka kiganja juu ya chandarua, taratibu, kama mtu anayepima homa. Halafu akalitaja jina la mdogo wangu, jina ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu mazishi.

"Angewapenda hawa," akasema.

Nikavuta kiti, nikakaa naye. Nyuma yetu ndoo ya kunywa ilikuwa imefunikwa kama kawaida, na juu ya mfuniko mama alikuwa ameweka jiwe, mtoto asiufungue.